Udongo Safi wa Baba Mkwe

Miaka kumi na tisa Gaudiosa alikuwa akiosha chupa, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumkuta na chupa chafu. Wako waliojaribu. Mkemia mmoja, kabla hajahamishiwa Mbeya, alipaka tone la mafuta ya kupikia ndani ya shingo ya chupa akairudisha kimyakimya kwenye beseni, kumtega. Kesho yake chupa ikamrudia inang'aa, na chini yake kikaratasi: "Mafuta ya alizeti. Tafadhali yatumike jikoni."

Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, mkazi wa Kizwite, Sumbawanga, mke wa fundi baiskeli aitwaye Tadei, na kwa kuwa mtoto wao wa kwanza ni Yusto, kazini walimwita Mama Yusto. Alimaliza kidato cha nne na C ya kemia, akaajiriwa mhudumu wa maabara. Mhudumu wa maabara ni mtu anayeosha walichochafua wenye vyeti vikubwa zaidi. Hakulalamika. Aliandika. Alikuwa na madaftari makubwa ya kaunta, na ndani yake mlikuwa na kila kitu: chupa ipi imeoshwa lini, nani kaiazima, na akiirudisha imevunjika, kisingizio alichotoa.

"Siku ya kiyama," alisema Enock, "malaika watapitia hapa kwanza, waazime daftari la Mama Yusto walinganishe na la kwao."

"Waje tu," akajibu Gaudiosa. "Ila wasaini."

Enock ndiye aliyekuwa mwendesha mashine. Wazazi wake walihama na ng'ombe wao kutoka kaskazini magharibi wakatua bonde la Rukwa, naye akasoma hadi akapanda juu huku kwenye baridi ya Sumbawanga, akavaa koti jeupe juu ya masweta mawili. Kati yake na Gaudiosa utani haukukauka. Yeye alimwita Gaudiosa mama wa majani, kwa vile Wafipa hulima kwa kufunika majani. Gaudiosa alimwita mkwilima, yaani mkwe, wa ng'ombe, kwa vile, alisema, mfugaji humheshimu ng'ombe kuliko mama mkwe.

Maabara yenyewe ilikuwa nyumba ya vyumba vinne, nyuma ya ofisi nyingine, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kupima maji ya visima, udongo wa wakulima na nafaka. Ijumaa moja ya mwezi wa saba, upepo ukiwa umeshika adabu zake mbaya za msimu huo, likaja boksi kutoka Dar es Salaam. Ndani mlikuwa na vichupa vitatu vya udongo mwekundu, vimefungwa kama mayai ya bata.

Mkuu wa maabara, Monika, alikuwa mkemia mwenye shahada, mdogo kwa Gaudiosa kwa miaka kumi na zaidi, mkali kidogo kwa sababu ya umri huo. Aliwakusanya akawaeleza. Ziko silaha za kemikali, gesi zinazoua kwa kuvuruga mishipa ya fahamu, hata mtu asahau kupumua. Nchi nyingi zimeahidi kutozitengeneza wala kuzihifadhi, na yetu ni mojawapo. Lakini ahadi bila jicho ni maneno. Gesi yenyewe ikimwagika ardhini hupotea upesi. Kinachobaki ni masalia, kama majivu baada ya moto. Masalia hayaui, ila hayasemi uongo. Maabara ndogo za mikoani zilikuwa zinajaribiwa: katika vichupa hivi vitatu, kimoja, au viwili, au vyote, au hakuna, mmetiwa chembe za masalia hayo. Kazi ni kusema ni kipi. Ripoti itoke Ijumaa ijayo.

"Kwa hiyo," alisema Enock, "wanataka tuwe wapelelezi wa majivu."

"Wanataka tuwe wakweli," alisema Monika. "Na aliyekuwa akiandaa sampuli yuko likizo ya uzazi, na amekwisha kusema akitoka huko anamfuata mumewe Mpanda. Mama Yusto, utaandaa wewe."

Gaudiosa aliitazama mikono yake kana kwamba imeitwa jina.

Monika hakuwa mtu wa kuzungusha. Alimwambia mbele ya Enock: zoezi likienda vizuri, atampendekeza awe mwandaaji wa sampuli moja kwa moja, kazi yenye kiti na meza. Likiharibika, atarudi kwenye sinki, na nafasi itajazwa na mtu wa kutoka nje. "Sijui utapata tena lini bahati kama hii," alisema. "Una miaka arobaini na sita."

"Arobaini na sita na miezi miwili," alisema Gaudiosa, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Maelekezo ya zoezi yalikuwa kurasa tisa, naye alizisoma zote mara mbili. Kuandaa sampuli alikujua kwa kutazama. Unapima udongo kwenye mizani, unautia kimiminika cha kuyatoa masalia, unautikisa, unauchuja, kisha unakikausha kile ulichochuja kwa hewa ya taratibu mpaka libaki tone chini ya kichupa. Tone hilo anapewa Enock, naye anailisha mashine. Mashine yao haikuwa ya kifahari. Ilijua jambo moja: kutambua vitu vyenye fosforasi. Pasipo na kitu ilichora mstari ulionyooka kwenye karatasi. Ikikutana na kitu, mstari ulipanda ukawa kama mlima.

Ukurasa wa sita ndio ulioleta mambo. Ulisema kila maabara itafute udongo wake safi, uandaliwe pamoja na vile vitatu, hatua kwa hatua, ili ionekane kwamba vyombo na mikono havikuongeza kitu. Udongo huo utoke "mahali ambapo hapajalimwa wala kunyunyiziwa dawa".

Hapo Gaudiosa aliweka peni chini akafikiri. Uwanda wa Ufipa ni mpana, lakini mahali pasipolimwa huchungwa. Na penye malisho ndipo walipopita ng'ombe wa akina Enock, wanaotoka kuogeshwa josho, wakidondosha dawa ya kupe kila hatua.

"Umeiona aibu yenu?" alimwambia. "Mmenichafulia nchi nzima."

"Ng'ombe wetu angalau wanaoga," alisema Enock. "Nyie mnatafuta wapi?"

"Mimi ninajua mahali ambapo dawa haijafika tangu dunia iumbwe."

Alikuwa akimfikiria baba mkwe wake, Mzee Felisiani, anayekaa nje ya mji, njia ya Namanyere. Mzee huyo alikuwa na umri wa miaka sabini na minane na fahari moja tu: ntumba zake. Kila mvua zikikaribia kwisha, huyalaza majani akayafunika kwa udongo, akafanya matuta ya mviringo makubwa kama migongo ya viboko. Majani yanaoza ndani, na mvua zinazofuata ntumba hubomolewa, shamba likapata rutuba yake bila mfuko wa dukani. Wenzake wengi walikwisha kuacha, wakahamia kwenye mbolea ya ruzuku. Yeye aliwaita wavivu, na alikuwa akiwaita hivyo hata kanisani, baada ya misa, kabla watu hawajafika getini.

Jumamosi Gaudiosa alipanda basi la Namanyere na kijiko cha chuma cha pua na mtungi mdogo alioufunga kwa kitambaa cheupe. Mzee alimpokea, akamtembeza.

"Chota popote, mwanangu. Dawa? Dawa haijagusa shamba hili. Wala enzi za baba yangu haikuligusa. Waambie hao wa Dar es Salaam wakila udongo huu wanapona."

Gaudiosa alichota. Akaandika: *Ntumba ya tatu kutoka njiani. Saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Upepo mkali. Mwenye shamba ameapa.* Akarudi nyumbani na mtungi wake na, kwa kuwa mtu haendi ukweni akarudi mikono mitupu, fungu la chainizi zilizokuwa zimestawi juu ya ntumba ile ile, mzee akizimwagilia kwa ndoo.

Jumatatu aliandaa. Kila aliyepita mlangoni alipita kwa kunyata, maana alikuwa amebandika kikaratasi: "Tafadhali usipige chafya." Jumanne Enock aliilisha mashine, na wote watatu wakasimama kuitazama karatasi ikitoka.

Kichupa cha kwanza: mstari umelala. Cha pili: mlima, mzuri, mahali pake hasa. Cha tatu: umelala. Monika alitabasamu, jambo ambalo Gaudiosa aliliandika baadaye pamoja na saa. Kisha ukaja udongo wa Ufipa, ule safi, na mstari ukaenda, ukaenda, ukapanda mlima, karibu pale pale ulipopanda ule wa kichupa cha pili.

Enock aliinama akaitazama karatasi kwa karibu.

"Mama Yusto," alisema Enock polepole, "mlipigana vita na nani huku bila kutuambia?"

Monika hakucheka. Kama udongo wao safi si safi, basi hata mlima wa kichupa cha pili hauaminiki. Huenda umetoka kwenye vyombo vyao wenyewe. Aliishika karatasi, akaishusha, akauliza swali ambalo halikuwahi kuulizwa ndani ya nyumba ile.

"Uliosha vizuri?"

Ni kama kumwuliza padre kama alibatizwa. Masikio yakamwaka Gaudiosa chini ya kitambaa cha kichwa.

"Huenda chupa ya nne, ya udongo huu, ilibeba mabaki ya kichupa cha pili," Monika aliendelea. "Inatokea. Lakini nitalazimika kuandika, na unajua tulichokubaliana."

Gaudiosa alikwenda akasimama mbele ya sinki lake. Hakulia, alihesabu chupa. Alikuwa amefika ya ishirini na sita alipokumbuka maneno ya mama yake, mwanamke ambaye hakuwahi kuona maabara lakini alijua kuendesha jiko. Mboga ikinuka, alikuwa akisema, usiilaumu mboga wala usikilaumu chungu. Chemsha maji matupu kwenye chungu hicho hicho, unuse.

Akarudi chumbani kwa Monika.

"Madamu, naomba tuchemshe maji matupu."

"Unasemaje?"

"Chupa ile ile ya nne. Niioshe kama nilivyoiosha. Nifanye kila hatua, kimiminika, kutikisa, kuchuja, kukausha. Ila nisitie udongo. Mlima ukitokea, ni mimi na chupa zangu. Usipotokea..."

Monika aliiweka karatasi mezani. Jambo hilo lilikuwamo kwenye vitabu vyake, sura nzima, na kilichomuudhi kidogo ni kwamba alitangulia kulisema mtu wa sinki. "Fanya," alisema. "Leo hii."

Jumatano asubuhi Enock alilisha mashine lile tone lisilo na udongo. Mstari ulitoka umelala, umenyooka, mrefu, kama uwanja wa ndege usio na ndege.

"Chupa haina dhambi!" Enock alitangaza, akaibusu shingoni, na Gaudiosa akaichukua mikononi mwake mara moja akaenda kuiosha tena.

Furaha yake ilidumu muda wa kuifikisha chupa kwenye maji. Kama si chupa, ni udongo. Na udongo ule hakuuleta Monika wala Enock. Aliuleta yeye, mahali alipopachagua yeye, akaliacha neno moja la ukurasa wa sita kwa sababu alijiona anaijua Ufipa kuliko karatasi. "Hapajalimwa," karatasi ilisema. Yeye alikwenda kuchota katikati ya shamba.

Aliomba ruhusa ya mchana, akapanda tena basi la Namanyere.

Mzee Felisiani alikuwa amekaa juani, amejifunga blanketi begani, akichambua mbegu za ulezi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja tena na kijiko? Mmeumaliza ule?"

"Ule umetushinda, baba. Mashine imekuta dawa."

Mzee aliweka ungo chini. "Mashine ya nani?"

"Ya kazini."

"Iliyotoka wapi?"

"Ng'ambo huko."

"Basi! Imetoka huko na dawa yake." Akaokota ungo. "Niliapa mbele yako. Mimi si wa kuapa ovyo. Dawa haijagusa shamba hili."

Gaudiosa alijua kwamba baba mkwe habishiwi. Baba mkwe hutembezwa. Akamwomba amsindikize kwenye ntumba, akamsifia ya kwanza, akamsifia ya pili, akamwuliza majani gani yanaoza vizuri, na mzee akaeleza kwa mikono yote miwili. Walipofika ya tatu akachuchumaa, akafukua kidogo kwa kijiko. Kati ya majani meusi yaliyooza palikuwa na kitu kingine: makapi ya mahindi, punje zilizotobolewa, na unga unga mweupe ulioganda kama chokaa.

"Na hizi punje, baba? Zimefikaje humu?"

"Hizo? Hizo ni taka za ghala. Mwezi wa tano nililifagia ghala ili niweke mavuno mapya. Taka zote nikazifukia hapa. Kitu cha shamba kirudi shambani. Hamkufundishwa hilo shuleni?"

"Ghala lilikuwa na dumuzi?"

"Mwaka jana? Walikuwa wengi kama mahujaji! Wangetumalizia mahindi yote."

"Mkawafanyaje?"

"Tukawatilia dawa. Ile ya unga, ya pakiti."

Gaudiosa aliunyanyua ule unga mweupe kwa ncha ya kijiko. Upepo ulipita kati yao. Mzee akaitazama ntumba, akamtazama mkwe wake, kisha akanyoosha kidole kama mwalimu wa katekisimu.

"Hiyo ni dawa ya ghala. Si dawa ya shamba."

"Ndiyo, baba."

"Uliniuliza habari za shamba."

"Ndiyo, baba."

"Wala sikuinyunyizia. Niliitupa. Kutupa na kunyunyizia ni kitu kimoja?"

"Si kimoja, baba. Lakini udongo haujui tofauti."

Mzee alifikiri jambo hilo kwa heshima. Alionekana kama mtu ambaye ng'ombe wake amekutwa kwenye bustani ya paroko: si kosa la mwenye ng'ombe hasa, lakini ng'ombe ni wake.

"Na hizi chainizi," alisema Gaudiosa kwa upole, "naomba usizile tena. Wala usimpe mtu."

"Wewe ulizila?"

"Nilizila Jumamosi. Na Tadei. Na watoto."

"Mkaugua?"

"Hapana."

"Basi ni dawa dhaifu," alisema mzee, akapata nafuu kidogo. Lakini jioni ile ile, kabla basi halijapita, alizing'oa zote kwa mikono yake na kuzifukia mbali na kisima. Akamtafutia pia ile pakiti tupu, iliyokuwa imechomekwa kwenye paa la ghala kwa miezi mingi, maana Mzee Felisiani hakutupa kitu ambacho hakijapata pa kufukiwa.

Alhamisi asubuhi Gaudiosa aliiweka pakiti mezani kwa Monika na kueleza yote, kuanzia lile neno moja la ukurasa wa sita. Hakujitetea. Alisoma moja kwa moja daftarini, pamoja na "Mwenye shamba ameapa", na hapo Enock akaegemea ukuta kwa kicheko.

"Baba mkwe kakuuza, Mama Yusto!"

"Hakuniuza. Nilimwuliza swali bovu."

Monika aliigeuza pakiti. Aliisoma, macho yakampanuka kidogo. Semina waliyowahi kuhudhuria ilikuwa imewaambia jambo hili: baadhi ya dawa za wadudu ni binamu wa gesi za vita, za ukoo mmoja wa fosforasi, ila zimelegezwa makali. Mashine yao, isiyojua ila fosforasi, ilikuwa imemwona binamu ikadhani ni mwenyewe. Enock alikung'uta vumbi lililobaki kwenye pakiti, akaliandaa kidogo, akailisha mashine. Mlima ukapanda mahali ulipopanda ule wa shamba, na walipoziweka karatasi zote tatu moja juu ya nyingine dirishani, wakaona: mlima wa kichupa cha pili ulitangulia kidogo. Upana wa ukucha. Lakini ukucha ni ukucha.

Ilibaki kupata udongo safi wa kweli, na siku ilikuwa moja.

"Makaburini," alisema Enock. "Hapalimwi, hapachungwi."

"Mtu mzima," alisema Gaudiosa, "mwenye kijiko na mtungi na kitambaa cheupe, achote udongo makaburini, saa nne asubuhi, Sumbawanga hii ya kusingiziwa uchawi? Utanizika lini?"

Hata Monika alicheka. Yeye ndiye aliyekumbuka chanzo cha maji kilichozungushiwa uzio, mahali ambapo jembe na kwato vilikatazwa zamani. Alipiga simu, akaomba ruhusa, na Gaudiosa akapelekwa na bodaboda akiwa amekumbatia mtungi wake. Mlinzi alimwuliza anachota udongo wa nini. Alimweleza kwa ukamilifu. Baada ya dakika kumi mlinzi alimwambia achote tu, mama, achote na aende.

Ijumaa mchana karatasi ya udongo huo ilitoka imelala kama maji ya ndoo. Kichupa cha pili kilikuwa na masalia. Vingine havikuwa nayo. Monika alikaa kujaza fomu. Alipofika safu ya udongo wa kulinganishia, alisita.

"Tunaandika huu wa chanzo cha maji," alisema. "Ule mwingine tuuache. Ulikuwa ajali."

Gaudiosa alikuwa amesimama mlangoni. "Madamu, fomu inauliza udongo wote uliopimwa."

"Hakuna atakayejua."

"Nimeshaandika."

"Daftari lako halitumwi Dar es Salaam, Mama Yusto."

"Halitumwi. Lakini lipo."

Monika aliweka peni chini. "Unajua nikiandika itasomekaje? Kwamba mwandaaji alipewa maelekezo akayaacha, akaenda kuchota kwa mkwe wake. Jina lako litakuwa hapo. Mimi mwenyewe sitaweza kukupendekeza mpaka wajibu, na wakijibu vibaya, sitaweza kabisa."

"Ndivyo ilivyokuwa," alisema Gaudiosa. Sauti ilikuwa ndogo. Alikuwa akikitaka kile kiti na ile meza kiasi kwamba usiku uliopita alikuwa amekwisha kuamua aweke wapi peni zake. "Mtu mwingine naye atachota kwenye ntumba. Ikiandikwa, atajua. Na mlima wa kichupa cha pili tunauamini kwa sababu ya ule mwingine. Tukiuficha, tumebaki na nusu ya habari."

Enock alizikusanya zile karatasi tatu akaziweka mbele ya Monika.

Monika aliandika. Aliandika kurasa mbili za nyongeza, akaambatanisha karatasi tatu, na palipoulizwa chanzo cha kosa aliandika kwa mwandiko uliosimama wima: uchaguzi wa mwandaaji. Akasaini. Akamgeuzia fomu Gaudiosa, naye akasaini chini yake, jina zima, na tarehe, na saa, ijapokuwa saa haikuulizwa.

Wiki sita zilipita. Gaudiosa alirudi kwenye sinki. Sampuli za visima zilipokuja, Monika aliziandaa mwenyewe, akichelewa kutoka kazini, akijimwagia kimiminika mikononi. Mzee Felisiani alituma salamu mara mbili kwa kondakta wa basi kuuliza kama Dar es Salaam wamemshitaki, na kwamba kama wamemshitaki, aje kumpeleleza mtu mwenye adabu. Gaudiosa alimjibu bado. Kimoyomoyo aliona ni afadhali mzee, ambaye hakuwa na cheo cha kunyang'anywa.

Barua ilikuja Jumanne. Monika aliifungua akiwa amesimama, akaisoma hadi mwisho bila kubadilisha uso, kisha akarudi juu akaisoma kwa sauti. Maabara imekitambua kichupa sahihi. Maabara imefuata njia ya kujihakiki kwa chombo kitupu, jambo ambalo maabara kadhaa kubwa hazikulifanya. Maabara iliichanganya dawa ya nafaka na masalia ikajisahihisha yenyewe kwa ushahidi. Maelezo hayo, kwa idhini yao, yatatumika kuwafundishia wengine. Kisha sentensi ya mwisho: inashauriwa mwandaaji huyo huyo aendelee katika awamu ijayo, "ila asichukue tena udongo kwa jamaa zake."

"Wamekuandika, Mama Yusto!" Enock alipiga meza. "Taifa zima limekukataza kwenda ukweni!"

Gaudiosa alitaka kucheka, akageukia dirisha akajifanya anatazama pikipiki inayopita. Monika aliikunja barua akaiweka mfukoni. Hakuwa mtu wa hotuba.

"Kuna sampuli sita za visima zimeingia asubuhi," alisema. "Mwandaaji azianze sasa, mimi nimechoka kunuka vile vimiminika. Pendekezo lako nitaliandika leo."

Gaudiosa alichukua koti lake, akavuta kile kiti, akakaa taratibu kama mtu anayejaribu kiatu. Kisha akasimama tena.

"Madamu, na chupa? Nani ataziosha?"

Monika alimtazama Enock. Enock aliutazama mlango, lakini mlango ulikuwa mbali.

"Mimi ni mwendesha mashine," alisema. "Nina stashahada."

"Mpaka tupate mtu," alisema Monika, akaondoka.

Haikupita nusu saa Enock alikuwa sinkini, mikono ya masweta yote mawili imepandishwa hadi kwenye viwiko, maji ya mwezi wa nane yakimng'ata vidole.

"Mama Yusto, sabuni kiasi gani?"

Gaudiosa alikuwa ameinamia mizani. Hakuinua kichwa.

"Osha unavyoona wewe," alisema. "Halafu tutachemsha maji matupu."